Mjomba anazibuliwa mshipa wa moyo kwa puto bila stenti: je, tunapunjwa?

SWALI: Shikamoo Daktari. Mimi ni mwalimu, ninaishi Mtama mkoani Lindi. Mjomba wangu, ndiye aliyenilea, ana miaka 61, ni mkulima wa korosho na ana kisukari. Mwaka 2019 aliwekewa stenti moja Dar es Salaam akapona kabisa. Tangu mwaka jana kifua kinambana tena akipanda kilima cha kwenda shambani, akisimama kinaachia. Amerudi Dar, amepigwa picha ya mishipa, wakasema ile stenti imeziba kwa ndani. Safari hii hawataweka stenti, watatumia puto lililopakwa dawa, kisha wanalitoa. Ukoo umekaa kikao. Wengine wanasema hiyo ni tiba nusu, wanapewa watu wa mikoani, tiba kamili ni chuma. Pia alikuwa anasubiri kupasuliwa busha. Tukubali? Na mwezi wa sita ataweza kupulizia mikorosho salfa?

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Mpe mjomba pole zangu, na uwaambie wazee wa kikao kwamba wamefanya vizuri kuuliza kabla ya kusaini. Mimi ni mtoto wa Mikindani, nimekulia kwenye nyumba ya mkulima wa korosho. Najua mtu aliyeibiwa kwenye mizani miaka na miaka anavyoingiwa na shaka akiona wengine wanapewa chuma yeye anapewa puto.

Nianze na jibu lenyewe: hampunjwi. Kwa maelezo uliyonipa ningekubali, na ningekubali hata kama angekuwa mjomba wangu wa kuzaliwa tumbo moja na mama. Puto lenye dawa lilianza safari yake kwa wagonjwa wa aina yake hasa, yaani watu ambao stenti yao ya zamani imeziba kwa ndani. Yapo mambo matatu ya kumuuliza daktari kwanza, nitayafikia.

Stenti ni kijibomba cha wavu wa chuma. Fikiria dema, ule mtego wa samaki, lakini dogo mno, refu kama kucha, linaloingizwa ndani ya mshipa wenye upana wa milimita 3 hivi. Linafunguliwa, linaegemea ukuta na kuuzuia usirudi ndani. Sasa wewe ni mtu wa Kusini, umeshaona dema lililokaa majini muda mrefu: ukoga unashika, chaza wanaota, matundu yanazibika. Ukuta wa mshipa nao ni nyama hai. Umejeruhiwa na chuma, unajitengenezea kovu, na kovu hilo hupenya kwenye matundu ya wavu na kukua kuelekea ndani, pale damu inapopita. Kwa mwenye kisukari kovu hukua kwa kasi zaidi. Mjomba hakukosea kitu, wala waliomtibu mwaka 2019 si lazima wawe wamekosea. Stenti za mwanzo, zisizo na dawa, zilikuwa zinaziba tena kwa mgonjwa 1 kati ya 4 au 5. Hizi zenye dawa zimepunguza sana tatizo, lakini halijaisha.

Kuna wanaosema puto ni tiba ya kizamani iliyorudishwa. Wana ukweli nusu. Tarehe 16 Septemba 1977, mjini Zurich, daktari Andreas Grüntzig alimzibua mshipa wa moyo mwanaume wa miaka 38 kwa puto tupu, na huo ndio ukawa mwanzo wa kazi yetu yote hii. Shida ya puto tupu ilikuwa kwamba kati ya wagonjwa 10, watatu au wanne mshipa uliwarudia kusinyaa ndani ya miezi sita, na wengine uliporomoka palepale mezani. Ndiyo maana mwaka 1986 Wafaransa wa Toulouse wakaanza kuweka wavu wa chuma. Wavu ukaleta kovu. Kovu likaleta wavu uliopakwa dawa, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Halafu Wajerumani wakauliza swali ambalo mimi hulipenda hadi leo: kama kinachozuia kovu ni dawa, kwa nini tuache chuma ndani? Mwaka 2006 walichapisha utafiti mdogo wa wagonjwa 52, wote stenti zao zilikuwa zimeziba, wakaonyesha kwamba puto lililopakwa dawa linauacha mshipa wazi kuliko puto tupu. Kwa hiyo umbo ni la 1977, kazi ni nyingine.

Mjomba ataielewa kazi hiyo haraka kuliko wewe na mimi, maana ni mkulima wa korosho. Anapopulizia salfa dhidi ya ubwiriunga, ule ugonjwa wa mikorosho, mashine haibaki juu ya mkorosho. Inapita, inarudi nyumbani, na kinachobaki ni unga kwenye maua na majani. Puto nalo ndivyo lilivyo. Linaingizwa likiwa limekunjwa, linafikishwa mahali palipoziba, linajazwa na kubanwa kwenye ukuta kwa sekunde 30 hadi 60, dawa inahamia ukutani, kisha puto linatolewa. Dawa hiyo hupenda mafuta na haiyeyuki upesi, kwa hiyo inajishikiza kwenye ukuta na kuendelea kuzuia kovu kwa wiki kadhaa baada ya puto kuondoka.

Mtu wa ukoo akiingia mtandaoni atakuta kwamba dawa hiyo, kwenye maputo mengi, inaitwa paklitakseli na kwamba ni dawa ya saratani. Ni kweli, ilitoka kwenye gamba la mti wa porini wa magharibi mwa Marekani na inatumika kwa saratani ya matiti na ya mfuko wa mayai. Kazi yake ni kuzuia seli zisigawanyike ovyo, na kovu nalo ni seli zinazogawanyika. Kipimo kilichopo kwenye puto ni kidogo mno kulinganisha na dripu ya saratani. Mjomba hatanyonyoka nywele. Maputo mengine hutumia sirolimusi, dawa iliyopatikana kwa vijidudu vya udongo wa kisiwa cha Rapa Nui, ambayo wagonjwa waliopandikizwa figo wameimeza kwa miaka mingi.

Sasa tuje kwenye hoja ya wazee, kwamba chuma ndiyo tiba kamili. Ukiweka dema ndani ya dema, nafasi ya samaki inapungua. Mshipa wa milimita 3 ukiwa na tabaka mbili za chuma unabaki na njia nyembamba, na kovu likirudi mara ya tatu tunakuwa hatuna pa kushika. Ndiyo maana wengi wetu tukikuta kovu limeota ndani ya stenti moja, kwa mara ya kwanza, tunajaribu kutoongeza chuma. Mwaka 2024 Wamarekani walitoa matokeo ya wagonjwa 600 wenye tatizo kama la mjomba. Baada ya mwaka mmoja, waliotibiwa kwa puto lenye dawa asilimia 17.9 walipata shida kwenye mshipa ule, wakati wa puto tupu walikuwa asilimia 28.6. Mwaka huohuo mamlaka ya dawa ya nchi hiyo ikaruhusu puto hilo kwa mishipa ya moyo. Ulaya walikuwa wametumia maputo ya aina hii zaidi ya miaka kumi kabla yao.

Lakini soma takwimu hiyo vizuri, Mwalimu, kama unavyosahihisha daftari. Inalinganisha puto na puto. Ukilinganisha puto lenye dawa na stenti mpya yenye dawa ndani ya ile ya zamani, stenti mpya hupunguza kidogo zaidi uwezekano wa kurudi kuzibuliwa, hasa kama stenti ya kwanza nayo ilikuwa na dawa. Kwa vifo na mashambulio ya moyo, tofauti ya maana haikuonekana. Kwa hiyo daktari aliyechagua puto amepima faida moja dhidi ya nyingine, na daktari mwingine makini angeweza kuchagua chuma bila kuwa amekosea. Sitaki muende Dar mkiwa na imani kwamba puto ni muujiza.

Na pana mahali ambapo ningewaambia wazi, dai stenti. Mwaka 2024 huohuo Wachina walichapisha utafiti wa wagonjwa 2,272 ambao mishipa yao ilikuwa haijawahi kuwekewa kitu. Nusu walipangiwa puto lenye dawa, nusu stenti. Baada ya miaka miwili, waliokufa kwa moyo, waliopata shambulio kwenye mshipa ule au waliolazimika kuzibuliwa tena walikuwa asilimia 6.4 upande wa puto na 3.4 upande wa stenti. Mshipa mpana, mpya, usio na utata wowote, chuma bado kina heshima yake. Kwenye vimishipa vyembamba vya chini ya milimita 3 hadithi inabadilika: Uswisi na majirani zake walifuatilia wagonjwa 758, mwaka wa kwanza ulipoisha shida zilikuwa asilimia 7.5 kwa puto na 7.3 kwa stenti. Yaani sare. Akija ndugu mwingine wa kwenu akaambiwa habari ya puto, msimjibu kwa hadithi ya mjomba. Muulizeni daktari mshipa ni upi, una upana gani, na umewahi kuwekewa kitu au la.

Hapa ndipo busha linapoingia, na nashukuru uliliandika, kwa sababu watu wengi wa pwani yetu wanaona haya kulitaja mbele ya daktari wa moyo. Baada ya stenti mpya mgonjwa humeza dawa mbili za kuzuia damu kuganda, aspirini na klopidogreli, kwa kawaida miezi 6 kama hakuwa na shambulio la moyo, na miezi 12 kama alikuwa nalo. Chuma kipya ambacho bado hakijafunikwa na utando wa mshipa kinaweza kugandisha damu ghafla, na hilo likitokea ni jambo la kufa na kupona. Ukimpasua mtu katika kipindi hicho ama damu haikatiki, ama umsitishe dawa na kuhatarisha moyo. Puto halikuachi na chuma kipya. Madaktari wengi hutosheka na dawa mbili kwa mwezi 1 hivi, kisha aspirini peke yake. Wengine, hasa puto likitumika ndani ya stenti ya zamani, huendelea hadi miezi 6. Kwa vyovyote mnapata nafasi ya kupanga. Mwambieni daktari wa moyo kabla ya siku ya kuzibuliwa: huyu mzee ana upasuaji wa busha unaomsubiri. Na siku gari la kambi ya upasuaji wa mabusha litakapofika kwenu, mjomba asipande meza bila kuonyesha karatasi ya dawa zake za moyo. Busha limekaa miaka, litasubiri miezi mingine michache.

Siku yenyewe itakwenda hivi. Atakuwa macho. Watachoma ganzi kwenye kifundo cha mkono, mara chache kwenye paja, na kupitisha mrija mwembamba hadi kwenye moyo, kisha rangi inayoonekana kwenye eksirei. Rangi hiyo inapita kwenye figo, na mwenye kisukari ndiye figo zake zinazochoka mapema, kwa hiyo kipimo cha figo kifanyike kabla, anywe maji ya kutosha kama daktari hajamzuia, na auliziwe kama asimamishe metformini, dawa ya kisukari, kwa siku hizo. Wakifika kwenye stenti hawaanzi na puto lenye dawa. Wanaanza na puto tupu gumu kulikandamiza kovu na kuisafisha njia, maana dawa haiingii kwenye ukuta ambao haujaandaliwa. Hatua hii ndiyo roho ya kazi nzima. Daktari anayeiharakisha anapaka rangi kwenye ukuta wenye ukungu. Baada ya hapo ndipo puto lenye dawa linapelekwa, na kwa haraka, kwani kila sekunde linayoelea kwenye damu linapoteza dawa. Likishajazwa mara moja kazi yake imekwisha, halirudiwi. Zile sekunde 30 hadi 60 njia inakuwa imezibwa na puto, na mjomba anaweza kusikia maumivu yaleyale ya kilimani. Mwambieni mapema, asije akadhani anakufa mezani. Puto likilegezwa maumivu yanaondoka.

Jambo hili liwafikie wazee kabla ya kusaini: mnaweza kukubaliana na puto, mkatoka na stenti. Baada ya kusafisha njia, daktari anatazama. Kama mshipa umebaki umesinyaa zaidi ya asilimia 30, au ukuta umechanika kiasi cha kuzuia damu, ataweka stenti palepale, na atakuwa amefanya sawa. Katika ule utafiti wa Wachina karibu mgonjwa 1 kati ya 10 wa upande wa puto aliishia kuwekewa stenti. Hakuna aliyewageuka. Ikitokea hivyo hesabu ya dawa mbili inarudi kwenye miezi mingi, na busha linangoja.

Yale maswali matatu, basi. Swali la kwanza na kubwa kuliko yote: stenti ya 2019 iliziba kwa nini? Kama ni kovu, puto lenye dawa ni jibu lake. Lakini stenti nyingine hazikufunguka vizuri tangu siku ya kwanza, kwa sababu mshipa ulikuwa na chokaa ngumu. Hiyo haitibiwi kwa kupaka dawa, inatakiwa ikunjuliwe kwanza kwa puto la nguvu. Jibu hupatikana kwa kupitisha kipimo kidogo ndani ya mshipa wenyewe, cha mwanga au cha mawimbi ya sauti, kinachoonyesha ukuta na nyaya moja moja. Muulize daktari kama kitatumika, na kama hakipo, ataamua kwa kutazama nini. Swali la pili, stenti ya zamani ilikuwa na dawa au la? Kuna kadi au ripoti mliyopewa 2019, itafuteni kwenye sanduku la mjomba, hata kama imeliwa na mende. La tatu ni kuhusu mishipa mingine: ikiwa mishipa mikuu yote mitatu ya moyo imesinyaa, na mtu ana kisukari, upasuaji wa kupandikiza mishipa unaweza kumfaa kuliko puto na kuliko stenti, na hilo lijadiliwe na jopo, si daktari mmoja chumbani. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, pale Muhimbili, ina wazibuaji na wapasuaji chini ya paa moja, kwa hiyo si ombi la ajabu.

Kuhusu fedha, tengenezeni maswali mkiwa bado nyumbani. Bima yake inalipia puto lenye dawa? Ikibidi kuweka stenti, inalipia pia, au mtaitwa dirishani usiku? Ombeni jibu kwa maandishi. Nimeona familia zikiuza shamba kwa haraka kwa sababu ya swali ambalo lingejibiwa kwa simu moja.

Akirudi, kilomita zaidi ya 450 kati ya Dar na Lindi ni sehemu ya ugonjwa wake, sikutanii. Mwezi Mei 2024 mafuriko yalikata ile barabara pale Somanga na mabasi yakalala njiani. Mgonjwa wa dawa za kuzuia damu kuganda asisafiri na vidonge vya siku tatu. Atoke Dar na vya mwezi mzima au zaidi, nusu kwenye begi lake na nusu kwako. Aspirini ni ya maisha. Statini, dawa ya kushusha lehemu, nayo ni ya maisha hata kifua kikiwa kimya, kwa sababu puto limetibu sentimita mbili tu za mshipa mmoja na ugonjwa uko kwenye mishipa yote. Sukari na presha zipimwe hapohapo karibu na nyumbani, hakuna haja ya kupanda basi kwa hilo.

Kuna adui mmoja anayeuzwa kila duka la dawa huku kwetu, nitamtaja kwa jina: diklofenaki. Mkulima akiumwa mgongo baada ya palizi anaimeza kama karanga. Kwa mtu kama mjomba inaongeza hatari ya shambulio la moyo, ikichanganyika na aspirini inatoboa tumbo, na inaumiza figo zilezile zilizopitishwa rangi. Paracetamol inatosha. Ng'onda nao wapungue, maana ule ni chumvi yenye samaki ndani. Ikiwa anavuta sigara au tumbaku ya kienyeji, hapo sina lugha ya kupunguza, aache.

Kifua kikibana akiwa amekaa, kwa zaidi ya dakika 15, au kikiambatana na jasho jingi, kutapika au kukosa pumzi, msimpe magnesia mkisema ni vidonda vya tumbo. Mwenye kisukari anaweza hata asisikie maumivu makali, akabaki anahema na kulowa jasho tu. Atafune aspirini ya miligramu 300 na apelekwe hospitali iliyo karibu kupimwa umeme wa moyo. Kwenu Mtama hiyo ni Nyangao, kisha Sokoine mjini Lindi au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini kule Mtwara. Msianze kutafuta gari la Dar. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hufanya kazi vizuri saa za mwanzo, na zikipita saa 12 tangu maumivu yaanze faida yake inakuwa imepotea.

Sasa salfa. Akizibuliwa bila kikwazo, wiki ya kwanza asinyanyue kitu kizito kwa mkono uliochomwa. Kutembea aanze mapema, kwanza uwanjani, kisha hadi kwa jirani, akiongeza kila siku. Baada ya mwezi apande kile kilima polepole, na wewe uwe nyuma yake. Akifika juu bila kubanwa, hiyo ndiyo picha ya mishipa ninayoiamini kuliko nyingine. Mwezi wa sita aende shambani, akague maua, aelekeze mkorosho upi uanze. Mashine ya mgongoni ni nzito na vumbi la salfa linabana pumzi, mwaka huu wabebe wapwa zake. Msimu ujao, akipimwa akaonekana yuko sawa, tutazungumza habari ya mashine.